Jinzi Chini ya Kitenge

Kama una suruali ya jinzi na hujui uivae na nini, pale sokoni Sumbawanga utaelekezwa kwa Mama Jinzi, na usishangae ukimkuta yeye mwenyewe amevaa vibaya kuliko wateja wake wote. Jina lake la ubatizo ni Cornelia. Hilo la Mama Jinzi alipewa na vijana wa soko, naye alilipokea kwa mikono miwili, maana kabla ya hapo walikuwa wakimwita Mama Kelele.

Cornelia anauza mitumba, na katika mitumba hagusi nguo nyingine isipokuwa jinzi. Jinzi anauza, ushauri anautoa bure, hata kwa asiyeuomba. Mafundisho yake ni mafupi: jinzi ni ugali, vingine vyote ni mboga. "Ugali ni uleule," humwambia mteja. "Leo unaula na dagaa, kesho na maharage, keshokutwa na mlenda, na hujawahi kusema umeuchoka. Jinzi nayo ni hivyohivyo. Jumatatu itie blauzi ya kitenge uende ofisini. Katikati ya wiki itie tisheti nyeupe na raba. Jumamosi una kikao cha harusi, weka shati, chomekea, tupia koti, na mkanda usiwe wa kuazima." Na kwa kuwa ni Sumbawanga, ambako upepo wa mwezi wa saba huingia hata mahali usipomkaribisha mtu, lazima aongeze: "Na sweta. Usije ukasahau sweta. Mtu anayetetemeka hapendezi." Neno hilo la mwisho liweke pembeni, maana lilikuja kumrudia mwenyewe.

Si kwamba ushauri wake haujawahi kuleta balaa. Fabiani, kiongozi wa kwaya, aliuziwa jinzi iliyochanwa magotini akaambiwa hiyo ndiyo habari ya mjini. Akaenda nayo misa ya kwanza, asubuhi ya baridi. Sasa sisi Wakatoliki tunapiga magoti, na tunapiga kwelikweli. Fabiani akapiga goti tupu juu ya ubao, akavumilia mageuzo yote ya mkate na divai, na ilipofika wakati wa komunyo alikuwa anatembea kama babu yake. Mpaka leo akipita kibandani kwa Cornelia hushika magoti yake bila kusema neno, na anayecheka zaidi ni Cornelia.

Na yeye mwenyewe je? Mganga hajigangi. Jinzi anayoipenda aliichambua kwenye belo la mitumba kabla hajamzaa Sharon, binti yake ambaye sasa yuko sekondari. Kifungo na tundu lake vilishaachana zamani. Anaviunganisha kwa mpira wa kubania nywele, kisha anashusha blauzi ndefu juu yake. Wateja wakisifia hizo blauzi ndefu, wakasema Mama Jinzi ana mtindo wake, yeye hukubali kwamba ni mtindo, na huendelea kuvuta pumzi ndogondogo mpaka waondoke.

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemfanya Cornelia aione jinzi yake kuwa dhambi, naye ni mama mkwe wake, Bibi Josefina wa Milepa, kule bondeni chini ya miteremko ya Lyamba lya Mfipa. Miaka kadhaa nyuma Bibi Josefina alipanda mjini kumtembelea mwanawe Valerian, mume wa Cornelia. Akapitia sokoni kwanza, akamkuta mkwewe amesimama juu ya stuli, ndani ya jinzi ya kubana, zile wanazoziita modo, anawapigia kelele wapita njia. Cornelia aliruka chini, akatafuta kitenge cha kujifunga, hakukiona, akapiga magoti hivyohivyo alivyo. Bibi akaitikia marahaba, basi. Akalala siku moja. Asubuhi yake, kabla chai haijachemka, alikuwa ameshafunga begi anauliza gari la Milepa linapaki wapi. Tangu hapo hakukanyaga tena mjini, na Cornelia hakuhitaji mtu wa kumweleza sababu. Ni suruali. Itakuwa nini tena?

Kwa hiyo kila aliposhuka Milepa alijifunga vitenge viwili na kilemba, akaongea kwa sauti ndogo ya upole ambayo hata Valerian alikuwa haijui. Valerian ni fundi ujenzi, mtu wa maneno machache. Alikuwa akimtazama mke wake anavyonong'ona mbele ya mama yake, kisha anatazama ukuta.

Sasa macho ya Bibi Josefina yakaanza kuzimika. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa ameshaanza kumwaga uji pembeni ya kikombe na kumsalimia mbuzi wa jirani. Mwezi huo wa saba madaktari wa macho walikuja hospitali ya mjini kwa wiki moja tu, wanapasua, halafu wanarudi kwao. Valerian alishuka kumchukua mama yake, akarudi peke yake. Akampigia simu, jibu likawa lilelile: huko juu siji, acheni nibaki na giza langu.

"Amesema ni kwa nini?" Cornelia akauliza.

"Hasemi. Mama akishakataa, amekataa."

Cornelia akanyamaza, na ukimya huo ulimtisha Valerian kuliko kelele zote alizowahi kusikia kwa mwanamke huyo. Yeye sababu alikuwa nayo. Mama wa watu anakwenda kupofuka kwa ajili ya suruali, tena suruali yenyewe haifungi.

"Nitakwenda mwenyewe," akasema. "Nitamwomba msamaha kwa magoti. Akikubali kuja, jinzi sivai tena mbele ya macho yake." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Akiyapata."

Alipanga avae gauni la kitenge tu, kama mke wa mtu. Lakini alfajiri alipofungua mlango upepo ulimpiga kifuani, akaufunga tena. Sisi watu wa huku juu tuna ugonjwa mmoja: mwili ukishashikwa na baridi hauamini tena kwamba kuna mahali duniani pana joto. Cornelia alijua fika kwamba Milepa iko bondeni, na kwamba kule hata kuku hutembea midomo wazi. Kichwa kilijua. Miguu ndiyo ilikuwa haijui. Miguu ikamwambia, jinzi kidogo tu, chini ya kitenge, nani ataona? Basi akaivaa ile ya mpira wa nywele, akaikunja mpaka chini ya magoti isije ikachungulia, akajifunga kitenge, akajifunga kingine juu yake, akavaa blauzi ya mikono mirefu na sweta, na kitenge cha tatu akakitupia begani. Akajitazama kwenye kioo. Mtaalamu wa kupanga nguo mji mzima alifanana na belo ambalo halijafunguliwa.

Gari lilipoanza kushuka mteremko, kitenge cha begani kikawa kizito, akakiondoa. Katikati ya mteremko sweta likaanza kuwasha, akalivua. Walipofika chini kabisa kwenye tambarare, alikuwa amemaliza vyote vinavyovulika mbele za watu, na joto ndio kwanza linaanza. Dereva alimtupia jicho akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," Cornelia akasema. "Naenda ukweni."

Bibi Josefina alikuwa barazani amekaa kwenye mkeka, anapembua mchele. Macho hayakumsaidia kitu. Vidole vilitembea ndani ya ungo, vikikutana na jiwe vinalitoa na kulitupa uani. Cornelia akapiga magoti mbele yake, na ile mikunjo ya jinzi ikambana nyuma ya magoti mpaka akaona nyota mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Sharon. Hamjambo huko? Valerian hajambo?"

"Hajambo, mama." Akainama zaidi kuonyesha adabu, na hapo mpira wa nywele ukakatika. Ulitoa mlio mdogo, lakini Bibi Josefina kwa masikio alikuwa mzima kuliko wengi.

"Nini hicho?"

"Mjusi, mama," Cornelia akajibu.

Akaletewa ugali wa moto na samaki wa moto, akala kwa heshima huku jasho linamtiririka mgongoni, linaingia kwenye jinzi, linashuka mapajani na kutuama kwenye mikunjo. Akaona aseme haraka kabla hajachemka.

"Mama, nimekuja kukuchukua. Madaktari wanaondoka Ijumaa."

"Nimesikia. Wafike salama."

"Mama, jicho likishazimika kabisa halirudi."

"Mama Sharon, huko juu mimi sikuwezi. Nilishamwambia mwenzako."

"Kama ni kosa langu mimi..."

"Kula kwanza."

Cornelia akamega tonge. Tonge likaonekana matonge mawili. Nguzo ya baraza ikaanza kutembea taratibu kuelekea jikoni. Alisema, "Mama, mimi naomba..." kisha mkeka ukainuka kuja kumlaki.

Alipopata fahamu alikuwa amelala chali, kitambaa cha maji kipajini, na Bibi Josefina amepiga magoti pembeni yake anamfungua nguo apate hewa. Alikifungua kitenge cha kwanza akakiweka kando. Akafungua cha pili. Mikono ikasimama. Cornelia aliona kila kitu wala hakuwa na nguvu ya kuinua hata kidole. Vidole vile vya kuokota mawe kwenye mchele vilipita kwenye mshono, vikaingia mfukoni, vikatoka, vikafika kiunoni penye zipu iliyo wazi, vikarudi kwenye mshono.

"Hii nini?"

Angeweza kusema mjusi tena. Alifumba macho. "Jinzi, mama."

"Jinzi."

"Suruali, mama. Nisamehe. Najua ndiyo iliyokufukuza kwetu, na ndiyo inayokuzuia hata leo. Nitaiacha. Nitauza hata viazi. Usiache macho yako yafe kwa ajili ya suruali yangu."

Bibi Josefina alifikiri.

"Suruali ipi iliyonifukuza?"

"Ile ya siku ile sokoni, mama. Nilipokuwa nimesimama juu ya stuli."

"Kumbe ulikuwa umevaa suruali," Bibi akasema. "Mimi niliona kitu cha bluu. Macho yalikuwa yameshaanza. Nilikutambua kwa kelele."

Cornelia akainuka kwa kiwiko. Kizunguzungu kilimtoka chote kwa mara moja. "Sasa, mama, asubuhi ile uliondokea nini?"

 Bibi alirudi kushika ule mkunjo wa jinzi, anaupima unene kwa kidole gumba.

"Baridi," akasema.

"Baridi?"

"Mlinilaza kile chumba cha pembeni. Shuka moja. Nikajifunika kanga zangu, nikavaa gauni la pili juu ya la kwanza, wapi. Mifupa inagongana, naisikia. Kulikuwa na furushi kubwa la nguo mle ndani, nikaliegemeza mgongo, likanizibia upepo kidogo mpaka kukakucha."

Furushi hilo Cornelia alilijua. Lilikuwa belo la jinzi, gredi ya kwanza, aliloliweka chumba cha mgeni lisije likaibwa.

"Ungelifungua, mama. Ungejifunika hata zote."

"Mali ya biashara? Mimi ni mwizi?"

"Basi ungeniamsha."

"Nikuambie nini? Na nikirudi huku niwaambie watu nini? Kwamba nimelala kwa mwanangu nimetetemeka, na mkewe ni muuza nguo? Wangemcheka mwanangu. Nikaona bora ninyamaze. Lakini kurudi kule siwezi, mwanangu. Giza nimelizoea. Ile baridi sikuizoea."

Cornelia hutibu kila kitu kwa kucheka. Alikitafuta kicheko hapo, hakukipata. Mji mzima hakuna anayetoka kibandani kwake bila kuambiwa avae sweta. Mtu anayetetemeka hapendezi. Na mama wa mume wake alitetemeka ndani ya nyumba yake, mgongo kwenye jinzi za kutosha kuvalisha kata nzima, naye yuko upande wa pili wa ukuta anakoroma chini ya mablanketi mawili. Miaka yote hii amemficha suruali mtu ambaye hakuiona, akajifunga vitenge viwili, akanong'ona kama yuko kitubioni, wala siku moja hakujiuliza mgeni alijifunika nini.  Akalia, tena kwa ile sauti yake ya sokoni.

"Nyamaza," Bibi Josefina akamwambia. "Majirani watasema nakupiga."

Alisubiri mpaka kilio kikapungua. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye jinzi.

"Hii kitu inazuia baridi?"

"Hii, mama? Nimetoka nayo alfajiri kule juu. Miguu haikujua hata kama ni mwezi wa saba."

Bibi akaupima tena unene wake. "Vua," akasema.

Cornelia ameshapanga nguo za maharusi, za wasimamizi, na mara moja za diwani, lakini mchana ule chumbani kwa Bibi Josefina ndipo alipofanya kazi hasa. Jinzi iliyokuwa ikimkaba yeye aliikamua jasho uani, akaianika kwenye lile jua la Milepa mpaka ikakauka. Ilipomwingia Bibi, kiuno kilibaki na nafasi ya mtu mwingine. Akaikaza kwa kipande cha kanga, akakunja miguu mara mbili, akamfunga vitenge viwili juu yake. Kisha sweta lake mwenyewe. Kisha soksi za Valerian zilizosahaulika huko tangu Noeli.

"Ugali umekaa," akasema, "na mboga zimetosha."

"Ugali gani?"

"Si kitu, mama."

Bibi Josefina alijipapasa kuanzia kiunoni mpaka vifundoni. "Inaonekana?"

"Haionekani, mama. Iko chini ya kitenge."

"Basi funga vizuri. Nina majirani."

Kuku wakakabidhiwa jirani, na alasiri wakapanda gari lilelile. Cornelia alibaki na blauzi yake, iliyolowa jasho, na kitenge kimoja chepesi. Dereva alimtazama alivyopungua tangu asubuhi, akaamua kutouliza. Gari likapanda mteremko, na walipotokea juu upepo ulikuwa unawasubiri, ukapita dirishani na kwenye ile blauzi mbichi. Meno ya Cornelia yakaanza kugongana. Alijaribu kuyabana, yakagongana kwa ndani.

"Mama Sharon," Bibi akauliza, "bado hatujafika juu?"

"Tumeshafika, mama. Muda sasa."

"Mbona sisikii baridi?"

"Ninayo mimi, mama. Ya kwako na ya kwangu."

Bibi Josefina akamtafuta mkono, akaushika, akashtuka ulivyokuwa wa baridi. Akauingiza ndani ya sweta, kwapani kwake, akaubana huko kama mtu anayebana mkoba wake sokoni. Hakuuachia mpaka Sumbawanga stendi.

Nyumbani Bibi alipewa chumba cha wenyewe, kitanda cha wenyewe, na mablanketi mpaka akaomba apunguziwe apate kugeuka. Wenyewe wakahamia chumba cha pembeni, na belo lililokuwamo humo likaenda sebuleni. Kesho yake akapelekwa hospitali akapasuliwa jicho moja, na yule nesi aliyemwandaa alikuta jinzi chini ya vitenge, akamtazama Cornelia, na Cornelia akatazama dirisha.

Siku ya kufunguliwa bandeji Cornelia alisimama mbele ya kitanda bila kitenge chochote. Alikuwa ameichukua jinzi yake, ameifua, ameipiga pasi, ameifunga kwa mpira mpya wa nywele. Blauzi alivaa fupi kwa makusudi. Kama atahukumiwa, alijiambia, leo ahukumiwe na jicho zima. 

Nesi akaondoa pamba ya mwisho. Bibi Josefina alipepesa jicho, likalengwa na machozi, likatulia. Alimtazama Valerian kwanza, kwa muda mrefu.

"Umezeeka," akamwambia. Valerian akatabasamu, akageukia ukuta, na mabega yakawa yanamtikisika.

Kisha jicho likaja kwa Cornelia. Likaanzia kwenye kilemba, likashuka mpaka kwenye raba, likapanda tena taratibu, na lilipofika kiunoni likasimama.

"Kumbe ndiyo hii."

"Ndiyo hii, mama."

"Imekubana."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza shingo, hata wale wenye bandeji.

"Ni mtindo, mama," Cornelia akasema, akivuta pumzi ndogondogo.

"Mimi ilinikaa vizuri kuliko wewe," Bibi Josefina akasema. Akajiinua kwenye mto, akapangusa chozi lililokuwa likishuka kwenye jicho jipya. "Geuka nione na nyuma."

Cornelia akageuka.